Kadi moja kila jioni: nimefungua boksi la karatasi nilizokuwa nazitunzia siku isiyofika

Mkasi Butu (mleta uzi)

Salaam wakuu. Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nakuja, nakodolea macho kazi za watu, naondoka bila hata kuacha asante. Leo naleta changu.

Nimefungua boksi. Wenzangu wa karatasi mmeshaelewa ni boksi gani, kwa sababu kila mmoja wenu analo. Ni lile la karatasi nzuri. Karatasi ya zawadi ya maua ya dhahabu iliyofunguliwa kwa kucha, taratibu, isije ikachanika. Ramani ya zamani. Kurasa za noti za muziki. Stika za ndege kumi na mbili ambazo miaka yote zimebaki kumi na mbili. Langu ni boksi la viatu, na kwa karibu miaka saba lilikuwa linapokea tu. Nikikaa mezani nalifungua, nachagua, nashika kipande, nakigeuza kwenye mwanga, nasema hiki hapana, hiki kingoje kazi inayokistahili. Narudisha. Halafu natengeneza kadi kwa karatasi ya printa.

Mwezi uliopita nikakuta stika hazishiki. Gundi yake imekauka, imekuwa unga wa njano, ndege wanadondoka wenyewe. Karatasi nyembamba za rangi zina vitundu kama chandarua, wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wamejihudumia. Selotepu niliyounganishia ramani imeacha michirizi ya kahawia iliyozama hadi upande wa pili. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu, kisha nikanuna. Nimetunza mpaka vimekufa.

Ndipo nikajiwekea sharti: kila jioni kadi moja ndogo, na lazima nianze na karatasi ninayoipenda kuliko zote zilizobaki. Ile ya kwanza kabisa, nisijidanganye kwa kuchukua ya pili. Nyuma ya kadi naandika jambo moja la siku hiyo lililoniburudisha, hata liwe dogo kiasi gani. Leo nimefika kadi ya 26. Picha nimeambatanisha za nne tu, nyingine bado zimelala chini ya kamusi.

Kadi ya 1. Ni yale maua ya dhahabu. Mkono ulitetemeka, sitanii. Nimekata ua moja nikalibandika juu ya ukurasa wa kitabu kilichokwisha kuvunjika mgongo, nikapitisha rangi nyeupe nyepesi ili maandishi yafifie lakini yasipotee, pembeni nikashona kifungo cha shati. Nyuma: "Mvua imeanza nikiwa nimeshaanua nguo zote."

Kadi ya 7. Hii ndiyo naipenda. Mmewahi kuchungulia ndani ya bahasha za barua za kiofisi? Kuna vile vichoro vya bluu, nukta, mawimbi, vimistari vilivyopishana, vimewekwa ili mtu asisome barua kwa kuiangalizia kwenye mwanga. Nilipanga bahasha saba, nikapata bluu saba tofauti. Nimezichana vipande virefu nikazipandanisha, ikawa bahari. Juu kuna mashua ya noti za muziki. Nyuma: "Kalamu niliyodhani imekwisha wino imeandika ukurasa mzima zaidi."

Kadi ya 12. Msiba. Nilipaka rangi ya akriliki ya kijani nzito, ikakauka siku nzima, nikaiweka juu ya kadi ya 13 uso kwa uso. Asubuhi zimekuwa kitu kimoja. Nilipozibandua, ya 12 ilimwachia mwenzake nusu ya uso wake. Nimeziacha hivyo hivyo.

Kadi ya 19. Ramani, ile yenye michirizi ya selotepu. Michirizi nimeifanya barabara, nikaweka vijumba vya katoni pembeni. Nyuma: "Usiku nimegeuza mto, upande wa pili ulikuwa wa baridi."

Naomba msaada wa mambo mawili. Kadi zangu nyingi zinajikunja kama ganda la mti zikikauka, kwa nini? Na hilo la akriliki kugandana, nyie mnafanyaje?

Mpita Njia

Siti ya mbele kabisa. Nilikuwa nakuja kusema uzi bila picha ni hadithi, nimekuta picha nne. Nimenyamaza.

Rula ya Chuma

Mkuu Mkasi Butu, karibu uwanjani. Nianze na la kujikunja maana ndilo linaloua kazi za watu wengi.

Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo. Inapotengenezwa kwenye mashine, nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja, ule mashine inakokwenda. Ikilowa, kila unyuzi unanenepa zaidi ya unavyorefuka, kwa hiyo karatasi nzima inatanuka kukatisha nyuzi. Wewe unaipaka gundi ya maji, inatanuka, unaibandika kwenye kadi ikiwa hivyo, inakauka, inataka kurudi ilivyokuwa. Kadi haina pa kwenda, inavutwa. Hapo ndipo unapata ganda la mti.

Kuujua mwelekeo ni rahisi. Chukua karatasi, ikunje nusu bila kuibana, ibonyeze kidogo kwa kiganja usikilize ubishi wake. Kisha igeuze uikunje kwa upande mwingine. Ile mikunjo inayokubali kirahisi ndiyo inayofuata nyuzi. Au chukua gazeti la zamani: lichane kutoka juu kwenda chini, linafuata mstari kama limekatwa, lichane kutoka kushoto kwenda kulia, linakwenda linakotaka.

Sasa ukibandika, elekeza nyuzi za karatasi ya juu sawa na za kadi ya chini. Punguza maji kwenye gundi. Na kama kazi ina tabaka nyingi mbele, bandika karatasi hata ya kawaida nyuma, ili pande zote mbili zivutane. Halafu uzito juu yake usiku kucha, katikati ya karatasi zinazonyonya maji. Kamusi yako inatosha, ila usichungulie kila nusu saa. Nakujua bila kukuona.

Kingine, kadi yenyewe ni ya uzito gani? Karatasi ya printa ni gramu 80 kwa mita ya mraba, hiyo haibebi kifungo wala rangi. Tafuta 250 au 300.

La selotepu: usiitumie kabisa kwenye kitu unachotaka kidumu. Ile gundi yake inazama kwenye nyuzi na kugeuka kahawia, na ikishazama huitoi. Watu wa kuhifadhi nyaraka hutumia gundi ya wanga wa ngano kwa sababu unaweza kuilainisha kwa maji ukaibandua hata baada ya miaka.

Gundi Mkononi

Nakazia yote ya Rula, na naongeza moja la kwangu kabla hujapata wazo la kunyoosha kadi kwa pasi. Pasi ni nzuri. Pasi pia ni mwizi.

Nilikuwa na daftari la kumbukumbu, limejaa tiketi, vibandiko, risiti. Kuna ukurasa mmoja niliupenda mno, risiti ya siku niliyonunua brashi zangu za kwanza, nimeizungushia maua ya rangi ya maji. Ukurasa ukawa na mawimbi. Nikaweka kitambaa juu, pasi ya moto wa kadiri, nikapitisha mara moja. Nilipofunua kitambaa, risiti imekuwa nyeusi tii. Maua yapo palepale yanatabasamu, katikati kuna usiku.

Baadaye ndiyo nikajua. Risiti nyingi za mashine haziandikwi kwa wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayokuwa nyeusi ikipata joto, na kichwa cha mashine kinaipasha nukta kwa nukta mpaka herufi zitokee. Mimi nikaipasha yote kwa mpigo. Na usipoipiga pasi nayo ina njia yake ya kufa, iache mahali penye mwanga itafifia hadi ibaki nyeupe. Risiti mnayoipenda itoeni nakala kwanza, mbandike nakala.

Katoni

Akriliki kugandana si kwa sababu haijakauka. Ni plastiki, inabaki na unato hata ikikauka, na uso wa akriliki ukikutana na uso wa akriliki chini ya kamusi, hasa kukiwa na joto, wanaoana. Weka karatasi ya nta katikati. Mimi pia nasugua mshumaa mweupe juu kidogo sana nikimaliza, kisha napangusa kwa kitambaa laini. Imeshaniokoa mara nyingi.

Ila kadi ya 12 na 13 usizitupe. Ule uso uliobanduka nimeukuza kwenye picha, ni mzuri kuliko ulichokipaka.

Mkasi Butu

Katoni umesema kweli na imeniuma. Nimeziangalia tena, ile iliyonyang'anywa uso inaonekana ukuta wa nyumba ya zamani. Sikuweza kuifanya vile kwa makusudi hata unipe mwaka.

Rula, nilikuwa nachungulia kila dakika kumi. Umenikosea kwa dakika ishirini.

Sindano Saba

Hodi. Naona kifungo kimeshonwa, nami nikasema hapa kuna ndugu yangu.

Wapendwa, shoneni kwenye karatasi. Uzi haujikunji, haugeuki kahawia, hauhitaji kusubiri ukauke. Lakini karatasi si kitambaa, haisamehi. Kitambaa ukikosea tundu linajifunga, karatasi tundu linabaki mpaka kiyama. Kwa hiyo mimi natoboa kwanza: naweka kadi juu ya sponji nzito, nachora nukta kwa penseli, natoboa zote kwa sindano tupu nikisikia ile sauti ya tk, tk, tk, ndiyo naanza kushona. Matundu yasikaribiane. Ukiyabananisha umetengeneza stempu, na stempu kazi yake ni kuchanika.

Ukitaka kukusanya kadi au kurasa ziwe kijitabu, hata huhitaji gundi. Kunja karatasi tano sita pamoja, toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Ingia tundu la kati ukitokea ndani, toka nje, rudi ndani kwa tundu la juu, pita moja kwa moja hadi la chini, toka nje, rudi ndani kwa la kati. Sasa una ncha mbili za uzi ndani, moja kila upande wa ule mshono mrefu. Funga fundo juu ya mshono huo. Dakika kumi umekwisha. Mara ya kwanza nilipokifunga kijitabu changu nikakifungua-funga kama mtoto mwenye mlango.

Sasa ni uzi wangu ndani ya uzi wako, mkuu, usinifukuze.

Kalamu Kavu

Nitasema ukweli, nimeingia humu kucheka. Kichwa cha uzi nilidhani ni kadi za simu. Nimesoma mpaka hapa na nimeacha kucheka, lakini nina swali moja na si la utani. Kadi 26 sasa. Ukiendelea mwaka mzima ni 365. Unaziweka wapi?

Mkasi Butu

Kwenye boksi la viatu.

Kalamu Kavu

Lilelile?

Mkasi Butu

Lilelile.

Mpita Njia

Hahahaha. Kalamu Kavu umefanya mauaji.

Ukurasa wa Nyuma

Nimecheka mpaka nimemwaga maji kwenye kibodi. Lakini swali la Kalamu Kavu ndilo swali lenyewe, nami nina majibu mawili, moja la kale moja la juzi.

La kale kwanza. Kuna mama mmoja wa Uingereza, Mary Delany, alizaliwa mwaka 1700. Akiwa na umri wa miaka 72 hivi, mjane, aliona kipande cha karatasi nyekundu kikifanana rangi na ua la geraniamu lililokuwa karibu naye. Akachukua mkasi. Akakata petali, akakata majani, mamia ya vipande kwa ua moja, vingine vyembamba kama unywele, akavibandika juu ya karatasi iliyopakwa nyeusi. Akaendelea hivyo kwa miaka kumi mpaka macho yakakataa. Alifikisha karibu maua 1,000. Mahali pengine aliweka jani halisi lililokaushwa katikati ya majani ya karatasi, na ukitazama haraka huwezi kulitofautisha. Zipo British Museum, London. Kwa hiyo Mkasi Butu, hata ukianza na miaka 72 bado una nafasi ya kadi elfu moja.

Katoni

Na alikuwa na watu wa kumfulia na kumwoshea vyombo. Hilo nalo tuliseme.

Ukurasa wa Nyuma

Kweli kabisa. Tuliseme.

Kwa Kalamu Kavu kama bado yupo, maana najua swali la pili linalokuja ni kwa nini tunabandika takataka: kuna Mjerumani, Kurt Schwitters, alikuwa anaokota tiketi, vifungashio, vipande vya magazeti, vipande vya mbao, anavipanga mpaka vinaimba. Kazi zake zote aliziita Merz. Neno halina maana, lilitoka kwenye kipande cha karatasi alichokikata kilichokuwa na neno Kommerz, zikabaki herufi za mwisho. Yaani hata jina la sanaa yake ni chakavu. Naipenda sana hiyo.

Sasa jibu la juzi. Mwaka 1997 huko Zürich, msanii M. Vänçi Stirnemann alianzisha mtindo wa wasanii kubadilishana kadi ndogo. Ukubwa mmoja tu, milimita 64 kwa 89, sawa na kadi za wachezaji ambazo watoto hubadilishana. Nyuma unaweka jina, tarehe, na namba kama ni mfululizo. Sheria yake kubwa ni moja: hazinunuliwi, unatoa yako unapokea ya mwenzako.

Nimeangalia picha zako kwa rula iliyo pembeni. Mkuu, zako ni milimita 64 kwa 89. Ulijua?

Mkasi Butu

Sikujua! Nilikatia kwa kufuata kadi ya karata iliyopotelewa na wenzake, jembe saba. Niliona inakaa vizuri kiganjani, basi.

Nimeshaona mnanisukuma wapi. Naomba siku mbili.

Mpita Njia

Kwani asiuze? Mimi ningenunua ile ya bahari.

Katoni

Mimi nauza zangu na sioni aibu. Ila sizo hizi. Nauza kadi za harusi na za pongezi, zimenyooka, zimepimwa, hakuna uso uliobanduka. Hizi za jioni sijawahi kuuza. Nikijua mtu atalipia, nafuta ile sehemu iliyokosewa, na mara nyingi ndiyo ilikuwa na uhai.

Gundi Mkononi

Wakati mkuu anatafakari siku zake mbili, tusikae bure. Kila mtu aweke cha nyuma ya kadi yake. Kitu kidogo cha wiki hii kilichokuburudisha. Naanza: gundi nyeupe ikikauka kwenye kidole, unaibandua nzima, ina alama za kidole chote, unaitazama kwenye taa kabla ya kuitupa.

Sindano Saba

Kupitisha uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza, bila kulamba.

Rula ya Chuma

Kukata kwa wembe mpya. Ule wa zamani unang'ang'ania, unachana, unakufanya uamini tatizo ni mkono wako. Unabadilisha, unapitisha mara moja, karatasi inaachana yenyewe kama ilikuwa inasubiri ruhusa. Nawaambia watu kila siku, badilisheni wembe, wananiona msumbufu.

Katoni

Karatasi iliyotoka kwenye printa bado ina joto. Naishika kifuani. Msiniulize.

Mpita Njia

Mimi sina ufundi wowote. Lakini jana nimefungua kifuniko cha gundi iliyokaa tangu sijui lini na hakikuwa kimegandiana. Nimejiona nimebarikiwa.

Ukurasa wa Nyuma

Paka amelala katikati ya vipande nilivyovipanga saa nzima. Si raha hasa. Ila alipoondoka alikuwa na kipande cha mwezi wa dhahabu mkiani, akatembea nacho nyumba nzima.

Kalamu Kavu

Mkasi ukifunguliwa kidogo na kusukumwa tu, bila kukatakata, unateleza kwenye karatasi ndefu ya zawadi mpaka mwisho. Sifanyi mambo yenu. Nilikuwa nafunga zawadi.

Sindano Saba

Kalamu Kavu, hayo ndiyo mambo yetu.

Mkasi Butu

Siku mbili zimekuwa tano, mniwie radhi.

Nilimwaga kadi zote mezani, 31 sasa. Nikasema nachagua kumi za kutoa. Mnajua nilianza na zipi? Zile mbaya. Zilizojikunja, zenye gundi iliyovuja, moja niliyoifanya nikiwa na usingizi. Nikazipanga vizuri kabisa, nikajipongeza kwa ukarimu. Nikaenda kulala. Usiku nikakumbuka sharti langu la kwanza, kwamba naanza na ninayoipenda kuliko zote. Halikuwa sharti la kukata tu.

Nimeamka nikaweka bahari kwenye rundo la kutoa. Nikaitoa. Nikairudisha. Niwaambie ukweli, kukata yale maua ya dhahabu kulikuwa rahisi mno ukilinganisha na hili. Karatasi nilikuwa naikata ili iwe yangu zaidi. Hii inaondoka.

Na kuna la nyuma ya kadi. Mle ndani kuna mambo yangu, mto, nguo, kalamu. Niyafunike? Nibandike karatasi juu?

Ukurasa wa Nyuma

Usifunike. Mwenye kupokea atasoma nyuma kabla ya mbele, nakuhakikishia. Mimi nina kadi za watu ishirini na zaidi ukutani, na nyingi zimegeuzwa.

Rula ya Chuma

La kutuma, msiogope uzito. Karatasi ya A0 ni mita moja ya mraba, A4 ni sehemu ya kumi na sita yake, ndiyo maana karatasi moja ya printa ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 kamili. Kadi ya 64 kwa 89 ya karatasi ya gramu 300 haifiki hata gramu 2. Zikiwa na vifungo ni habari nyingine: kifungo kinatoboa bahasha kwenye mashine za kuchambulia barua. Weka kadi katikati ya vipande viwili vya katoni, na kama kuna kifungo, kata tundu la kifungo kwenye katoni ya juu ili kikae ndani, juu pabaki bapa.

Anwani tupeane faragha, tusianike humu.

Katoni

Mimi nipo. Tatu kwa tatu.

Sindano Saba

Nipo. Ila zangu zitachelewa, nashona.

Gundi Mkononi

Nipo, na nina wazo ambalo silisemi.

Mpita Njia

Nami nipo, ingawa sina kadi hata moja. Nitatengeneza. Nimesoma la nyuzi mara tatu, nimechana gazeti zima kujaribu. Kweli linafuata mstari.

Mkasi Butu

Wakuu, wiki tatu zimepita, narudi na ripoti.

Kumi zimeondoka. Bahari imekwenda kwa Mpita Njia, aliyeiomba kwanza. Kadi ya 12 na 13 nilizitenganisha kwa makusudi, moja kwa Katoni, nyingine kwa Sindano Saba. Siku zikikutana tena zitajuana.

Zilizofika hadi leo ni saba. Ya Mpita Njia imejikunja, mkuu, tena vibaya, na gundi imetoka pembeni kama jasho. Nyuma umeandika "hii ni ya kwanza maishani, usinicheke." Nimeisimamisha mezani, kukunjika kwake ndiko kunakoisimamisha, haihitaji kitu cha kuegemea. Ya Sindano Saba ina mishono nimeihesabu mara mbili nikapata idadi tofauti.

Halafu ya Gundi Mkononi. Nimeitoa kwenye katoni nikaona nyeusi tupu. Nyeusi ya kung'aa kidogo. Nikaipeleka dirishani. Ni risiti! Umeipiga pasi makusudi, yote imekuwa usiku, ila pembeni umeacha kona moja isiyopata joto, kona ya mviringo, na humo herufi zilizobaki zinasomeka nusu nusu: ndiyo mwezi. Umeweka nyota kwa kalamu nyeupe, chache tu, na chini kabisa kipaa cha nyumba cha karatasi ya rangi ya maji, yale maua yako. Niliigeuza. Nyuma umeandika "Brashi bado ninazo."

Sikuandika chochote jioni ile. Nilikaa nayo.

Kisha nikaangalia bahasha iliyoileta. Ndani yake kuna vichoro vya bluu ambavyo sikuwa navyo, vijiduara vimeshikana mikono. Nilianza kuifungua zile kingo kwa kucha, taratibu, kama ninavyojijua. Mkono mwingine ulikuwa umeshafungua kifuniko cha boksi. Nikasita, nikachukua mkasi, nikaikata palepale. Kadi ya 52 inakauka chini ya kamusi, na sijachungulia.

Rula ya Chuma

Umechungulia.

Mkasi Butu

Mara moja tu.